Mawe Waliyoyasugua Mpaka Yakawa Meupe

Nchelenge, kando ya Mweru
Mwezi wa nne, mvua karibu kwisha

Kwa Mama Numbi, muke wangu, huko Kalemie.

Mama Numbi, barua hii ikukute una nguvu mukononi na utulivu moyoni. Numbi analala sasa usiku muzima? Tumbo lake limelainika? Na Mama, magoti yake bado yanamuzuia kuinuka asubuhi, au ile dawa ya kupaka imemusaidia? Unijibu haya kwanza. Wewe hujaza karatasi nzima kwa ugomvi wa majirani, halafu habari za mutoto unaziandika pembeni, kama mutu anayekumbuka chumvi wakati sufuria limekwisha teremshwa.

Mimi ni muzima. Ninakula, ninalala, ninadharau watu. Hiyo ya tatu ndiyo inayonipa nguvu siku hizi.

Sasa neno la haraka. Ile barua ya mwezi wa pili, niliyokuambia ufunge mizigo uvuke na mutoto baada ya Pasaka kwa sababu maji ya hapa yamepona, usiifuate. Usiipasue, lakini usiifuate mpaka umefika mwisho wa barua hii. Wala usiruke mistari. Ukiruka hutajua kwa nini nimetia kitu ndani ya bahasha. Na kitu hicho, tafadhali, usikiweke karibu na samaki wala sabuni. Kiache palepale ndani ya karatasi yake mpaka nikuambie.

Najua utamusomea Mama, kwa hiyo naeleza hata mambo ambayo wewe uliyaona kwa macho yako ulipokuwa hapa. Soko la Nchelenge liko kwenye muteremko. Juu ya soko ni kiwanja cha makamio yanayokuja kubeba samaki, na madereva humwaga mazutu, ile dizeli yao, na mafuta machafu ya mashini chini, palepale wanaposimama, kama kwamba ardhi ni pipa. Mvua ikinyesha, maji yanatelemka na mazutu hayo, yanapita sokoni, yanazoa matumbo ya samaki na damu, yanaingia katika mutaro mumoja, na mutaro unamwagikia pale wanawake wanapoteka maji ya kunywa. Wangeteka wapi kwingine? Upande huu ni matete na mamba, upande ule ni mitumbwi na nyavu. Mahali peupe ni pale tu. Ndiyo maji yaliyomufanya Numbi atapike mwaka jana mpaka ukamurudisha kwa Mama ukiwa unalia, na mimi nikabaki na nyumba tupu na kitanda kikubwa. Tangu siku ile kila ninachofanya hapa ninakipima kwa swali moja tu: je, mutoto wangu ataweza kunywa?

Basi akaja yule muzungu niliyekuandikia habari zake. Alikuwa amefanya kazi ya maji miaka mingi katika machimbo ya Katanga, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, Kiswahili cha kuamuru. Hajui kuuliza "umeamukaje", anajua "leta", "ondoa", na "hapana vile". Kwa kuwa hapa hakuna anayesikia Kifaransa, wakaniweka mimi kuwa kapita wake, musimamizi wa kazi, na mudomo wake. Kifaransa chake ninakigeuza Kibemba, na Kibemba cha watu ninakigeuza Kifaransa, nikipunguza matusi pande zote mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, hilo nitalisema hata mbele ya Mungu. Tulichimba shimo kubwa mwisho wa mutaro, tukalijenga kwa tofali, chini tukatia muchanga. Kisha tukavunja matofali ya kuchoma yakawa vipande kama ngumi ya mutoto. Tukapika uji muzito wa unga wa muhogo, karibu kuwa bukari, ule ugali wetu, tukavichovya vipande ndani ya uji, tukavianika. Halafu tukavitia katika mapipa, tukaziba midomo ya mapipa kwa udongo, tukawasha moto mukali. Uji uliungua bila kupata hewa, ukageuka makaa meusi yaliyoshikamana na tofali pande zote, kama ukoko unavyoshika chini ya sufuria.

"Kapita!" muzungu aliniambia siku tuliyofungua pipa la kwanza. "Angalia. Hii jiwe iko na koti. Mazutu inakuya, inakamata koti. Harufu inakuya, inakamata koti. Mayi peke yake inapita. Hapana toa koti! Unasikia?"

Nilisikia. Nikaandika katika daftari langu la kila siku, chini ya tarehe yake: *jiwe lina koti, lisivuliwe.* Nilifikiri ni neno ambalo hata kuku angelielewa.

Watu walicheka. Aliyecheka kuliko wote ni Bana Chola. Kama humukumbuki, ni yule mwanamuke munene, kiongozi wa akina mama wa kanisa, mwenye kichanja cha vyombo nje ya nyumba yake karibu na njia, na Kiswahili alichookota kwa wauza samaki wa kwetu. Unajua desturi ya wanawake wa pwani hii. Sufuria hazifichwi ndani. Zinafudikizwa juu ya kichanja ili kila apitaye aone matako yake yanavyong'aa, na sufuria lenye masizi ni aibu kuliko nguo iliyopasuka. Sufuria za Bana Chola zinamulika mupaka kisiwa cha Chisenga. Alisimama juu ya shimo letu, mikono kiunoni.

"Awe, ba Kapita! Batu banalala njaa, na weye unapikia mawe bukari?"

"Ni dawa ya maji, Mama."

"Kwenu Kongo munakula mawe?"

"Kwetu Kongo tunakunywa maji yasiyo na mazutu."

"Mayi ya kuchuja na ukoko!" akawaambia wenzake, wakacheka mpaka ndoo zikayumba vichwani.

Lakini tulipokwisha yajaza mawe hayo shimoni, mvua ya kwanza ikaja. Maji yakaingia shimoni yana rangi saba juu yake kama shingo ya njiwa, yakatokea upande wa pili hayana kitu. Nilinusa, nilionja, nikachemsha nikanywa. Wanawake waliteka bila kusema asante, na mimi nikaingia ndani nikakuandikia ile barua. Nilikuwa nakuona tayari unashuka mutumbwini na Numbi mugongoni.

Sasa nikujulishe diwani wetu. Jina lake silitaji, wino ni ghali. Huyu ni mutu anayeamini kwamba kitu kikiwa cheupe, kimekwisha fanya kazi. Akisikia mugeni anakuja, anatuma watu wapake chokaa mawe ya kando ya barabara, halafu miti mupaka kiunoni, halafu kila kisichokimbia. Mara moja walipaka kisiki ambacho muzee mumoja alikuwa amekikalia tangu asubuhi, na muzee akarudi kwake na suruali yenye matako meupe, muke wake akamuuliza ametoka kwa nani. Zahanati haina dawa ya tumbo, lakini ukuta wake unaumiza macho.

Huyo ndiye aliyeambiwa kwamba mugeni mukubwa atatoka Mansa kuja kufungua shimo letu.

Wakati huo mimi nilikuwa nimetumwa Kabuta kwa mutumbwi kununua unga mwingine wa muhogo na kuleta muchanga wa kuongeza. Muzungu alikuwa amekwenda Mansa kwa sababu, alisema, huko bia ni baridi. Shimo likabaki na diwani.

Niliporudi, kabla sijafunga mutumbwi, niliona mikeka ya kuanikia chisense, zile dagaa zetu, imetandazwa pwani yote. Juu ya mikeka hapakuwa na chisense. Palikuwa na mawe. Mawe yetu. Mekundu, masafi, yanang'aa kama mayai yaliyopanguswa. Na wanawake wa kanisa wamekaa mistari wakiimba wimbo wa Bwana, kila mumoja na beseni lake, wakisugua yaliyobaki kwa muchanga, kwa majivu na kwa majani ya musasa. Maji meusi yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye mabeseni kwenda ziwani. Kazi yetu ya miezi ilikuwa inakwenda kulishwa samaki.

Bana Chola aliniona. Uso wake, Mama Numbi! Ulikuwa wa mutu anayengoja kusifiwa.

"Ba Kapita, njo hapa, angalia! Inangaala!"

Nilishika jiwe moja. Nililigeuza. Kucha zangu hazikupata hata alama nyeusi.

"Nani amewatuma?"

"Diwani. Alifungua shimo, akaona ile uchafu, akashika kichwa. Mugeni anatoka Mansa, tumuonyeshe ukoko? Mimi, mwanamuke muzima? Weye bibi yako anaonyeshaka mugeni ukoko?"

"Mama, ule uchafu ndio unaosafisha maji."

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomutazama mutoto aliyesema amemuona Yesu kwenye dirisha.

"Uchafu inasafisha mayi," akasema polepole. "Basi kesho nitafua nguo na matope."

Wakacheka wote, beseni mukononi. Wamefanya kazi ile bila malipo, tangu jua kutoka, kwa heshima ya mugeni na ya kijiji chao, na mimi nilisimama pale nikitafuta katika moyo wangu mahali pa kuwahurumia. Sikupapata. Sijapata kuona watu wengi hivyo wakitoa jasho safi kiasi hicho ili kuharibu kitu.

Diwani ndiye aliyekuja kumalizia. Vipande vingine vilikuwa vimebakia na weusi ndani ya nyufa, musasa haukufika. Akaagiza ndoo ya chokaa. Vikapakwa. Kwa hiyo mawe yetu yalipata koti jipya, na shimo likajazwa, na diwani akazunguka shimo mara nyingi akilitazama kama baba anayetazama pacha.

Muzungu akarudi siku iliyotangulia sherehe. Alichungulia shimoni, akavua kofia, akaivaa tena. Nikamuambia kwa Kifaransa: tuahirishe, tuseme ukweli, mapipa yapo, unga upo, tutachoma upya.

Unajua alinijibu nini? Hakutumia hata Kifaransa. Alinijibu kwa Kiswahili chake, kana kwamba Kifaransa kilikuwa kisafi mno kwa neno hilo.

"Kapita. Shimo iko?"

"Iko."

"Mawe iko?"

"Iko."

"Basi. Kontra yangu inakwisha. Nyamaza."

Yule mutu aliyetengeneza koti kwa akili yake mwenyewe, sasa anahesabu mukataba wake tu! Diwani ni mujinga, na mujinga ana udhuru wake mbinguni. Bana Chola alisugua kwa sababu hakujua. Lakini huyu alijua. Nimewapanga watu wote wa Nchelenge moyoni mwangu kwa ngazi, Mama Numbi, na huyu nimemuweka chini ya kisiki.

Siku ya sherehe mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikanyamaza mugeni alipofika. Mutaro ulikuwa umejaa. Meza iliwekwa karibu na mulango wa kutokea maji, na juu ya meza kitambaa cheupe cha kanisa, kile Bana Chola anachokifua na kukipiga pasi kwa mikono yake mwenyewe na hamuruhusu mutu mwingine akiguse. Wanawake walijipanga na ndoo, wakingojea kuteka mara tu maneno yatakapokwisha. Wengine walikuwa na watoto mugongoni. Niliwahesabu kwa macho nikaacha, kwa sababu kila mugongo niliona Numbi.

Maji yakaachiliwa yapite. Yakatoka meupe. Namaanisha meupe kama maziwa, kwa sababu yalikuwa yamekoga chokaa yote ya diwani. Na watu, Mama Numbi, watu wakapiga vigelegele! Waliishangilia chokaa. Diwani alifungua mikono kama padri.

Akateka glasi moja, akamupa mugeni anywe, ili wote waone.

Mugeni si mujinga. Alitabasamu kama mutu aliyepewa samaki wa juzi na hataki kumukosea mupishi. Akasema kwa Kiingereza kwamba heshima hiyo ni ya mwenye muji, akamurudishia diwani. Diwani akasema hapana, heshima ni ya fundi, akamupa muzungu. Muzungu akasema yeye ni mugeni tu hapa, anayepaswa kunywa ni mutu anayekaa hapa. Akanipa mimi. Kisha akaniambia kwa Kifaransa: "Waambie inafanya kazi. Kunywa."

Glasi ilikuwa imeteremka ngazi yote ya wakubwa ikafika chini, na chini hapakuwa na mutu mwingine wa kumupa isipokuwa wale wanawake.

Niliinusa. Chini ya harufu ya chokaa kulikuwa na mazutu, palepale, hayakukosa hata tone. Wanawake walikuwa wamekwisha shusha ndoo. Nikinywa, ndoo zinajaa. Sikunywa. Na sikusema lile neno nililoambiwa, wala neno lingine, kwa sababu nimekwisha ona neno langu linavyopokewa hapa. Niligeuza glasi nikaimwaga polepole juu ya kitambaa cheupe.

Maji yakaenea. Chokaa ikabaki katikati, na pembeni pake likatokea doa, la kahawia, lenye kung'aa, likiendelea kupanuka. Harufu ikapanda mpaka kwa mugeni, akatoa leso.

Unafikiri watu waliona nini? Unafikiri walisema, tazameni, ni mazutu? Ng'o!

"Nguo ya kanisa!" Bana Chola alipiga kelele. "Mwe bantu! Ameharibu nguo ya kanisa! Kapita ni mwenda wazimu!"

Na kundi zima likanigeukia. Waliona doa, hawakuona maji. Muzee mumoja alinitemea mate karibu na kiatu. Diwani alinishika mukono akanipeleka pembeni, akaniambia nikapumzike nyumbani, na kwamba mutu anayemwaga maji ya wageni hawezi kuwa kapita. Muzungu alikuwa anatazama ziwa. Mugeni akakata utepe na kwenda kula, na wanawake, kwa kuwa walikuwa wamekasirika sana, walisahau kuteka. Hiyo ndiyo faida pekee ya siku ile. Muzungu alipanda gari la mugeni jioni hiyohiyo, na sijamuona tena.

Nilikaa nyumbani. Nilipika bukari yangu, nilisoma daftari langu tangu mwanzo, niliandika juu ya kila mutu jina moja linalomufaa. Usiniulize. Nilikuwa tayari kukuandikia kwamba nakuja mimi huko, tukalime muhogo kwa shamba la Mama, na Nchelenge ibaki inywe chokaa yake.

Halafu asubuhi moja mutu akakohoa nje. Ni Bana Chola. Hakuingia, hakunisalimu. Alikuwa na kile kitambaa mukononi, kimekunjwa.

"Nusa," akasema.

Nikanusa. Mazutu.

"Nimekifua na sabuni," akasema. "Nimekifua na majivu. Nimekichemsha. Nimekianika juu ya nyasi, jua na umande. Doa imepungua. Harufu haitoki." Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusema sentensi ile. "Hakuna kitu inanishindaka mimi kusafisha. Basi, ndani ya ile mayi muko nini?"

"Kile nilichokuambia."

"Hapana kunionyesha meno. Muko nini?"

Nikamueleza tena, jiwe, koti, mazutu. Safari hii alisikiliza akiwa anasugua ukingo wa kitambaa kwa kidole gumba. Nilipomaliza akauliza swali ambalo si diwani wala mugeni aliyewahi kuliuliza: "Ile ukoko, ikijaa mazutu, inachoka?" Nikasema ndiyo, inachoka, inabidi kuchomwa upya. "Kama mukeka wa samaki," akasema, "unaanika, unachoka, unasuka mupya." Hakusema samahani. Angeisema ningemudharau zaidi.

"Sasa tutafanyaje?" nikamuuliza. "Diwani hataruhusu mawe meusi. Amefunga shimo."

"Diwani niachie mimi."

Akaenda mpaka kwenye biro, ile ofisi ya diwani, na wanawake wake wote, mabeseni vichwani, muchana kweupe. Mimi nilifuata nyuma kwa mbali ili nisikie. Akamuambia, kwa adabu ya Kibemba: "Mukwai, mvua imechafua mawe yako. Tunataka kuyatoa tuyasugue tena."

Diwani alifurahi mpaka akawapa sabuni! Aliwafungulia shimo kwa mukono wake. Wanawake wakatoa mawe yote, wakayapeleka mbele ya macho yake, wakapita nyuma ya matete mpaka kwenye majiko ya kukaushia samaki, na hapo mimi nilikuwa nimekwisha tangulia, nangoja na mapipa na ule unga wa Kabuta. Haukutosha. Kila mwanamuke akaongeza bakuli la unga wa nyumba yake, akilalamika, akisema watoto watalala na mboga tupu kwa sababu ya Mukongo mumoja na mawe yake. Bana Chola alikoroga uji mwenyewe. Alisema wa kwanza tuliopika ulikuwa na mabonge, ndiyo maana ukoko ulitoka upesi kwa musasa, na kwamba mwanaume hajui kukoroga. Nilimuachia mwiko.

Tulipofungua mapipa, mawe yalikuwa meusi tii. Wanawake waliyatazama kama mutu anayetazama aibu yake mwenyewe. Mumoja alishika jani la musasa kwa mazoea, Bana Chola akamupiga kofi la mukono. "Acha! Hii haisuguliwi!"

Tuliyarudisha shimoni. Juu kabisa, ule mustari mumoja anaouona diwani akichungulia, tukapanga mawe meupe tuliyoyabakiza kwa ajili yake. Anapita kila asubuhi, anachungulia, anatikisa kichwa kwa furaha. Ameniita nirudi kazini, si kwa sababu amenisamehe, ni kwa sababu hakuna mutu mwingine anayekubali kuingia shimoni kuchota matope. Amejigamba kwa watu wa Kabuta kwamba hapa wanawake husugua hata mawe. Nitamuacha afe na furaha hiyo.

Basi tulibaki kungoja mvua. Mvua za mwisho, unajua zinavyokuwa, zinaahidi kama wanasiasa. Wingu linakuja, linatutazama, linakwenda kunyesha upande wa Kongo. Niliamini hatutapata jibu mpaka mwaka ujao, na wewe ungekuwa umekwisha funga mizigo.

Jana ilinyesha. Ilinyesha vizuri, na makamio yalikuwa mengi kiwanjani, mazutu tele. Nilikwenda kwenye mulango wa kutokea maji, nikamukuta Bana Chola amekwisha fika, amelowa, ameshika kipande cha kitambaa kipya cheupe ambacho hakijaguswa na sabuni. Hakuniruhusu nikishike. Alikichovya mwenyewe ndani ya maji yanayotoka, akakikamua, akakichovya tena, akakaa nacho chini ya paa la soko mpaka kikakauka kwa upepo. Hakukinusa mbele yangu. Alikikata kwa meno vipande viwili, kimoja akatia kifuani mwake, kimoja akanipa.

"Peleka kwa bibi yako," akasema. "Weye una mudomo mingi. Mutu asimulete mutoto sababu ya mudomo ya mutu."

Mama Numbi, nimeshaona muzungu akisema uongo kwa lugha mbili, na diwani kwa moja, na mimi mwenyewe nilikuandikia mwezi wa pili nikiwa na furaha isiyo na walinzi. Kwa hiyo sitakuambia maji haya yakoje. Kuchemsha utachemsha, hilo halina mjadala, jiwe haliondoi vidudu. Lakini juu ya mazutu sitaandika hata neno.

Nisalimie Mama, umuambie mwanawe hajapigana na mutu, amemwaga glasi tu. Nisalimie shemeji yangu fundi cherehani, na suruali aliyonishonea imestahimili shimo. Nisalimie dada yangu mukubwa aliyeko kwa Masista, na katekista anayekuletea barua hizi bila kuzifungua, kama kweli hazifungui. Numbi umubusu kwenye tumbo, palepale palipokuwa pakimuuma.

Sasa toa kile kipande ndani ya bahasha. Nawa mikono kwa maji matupu kwanza. Kinuse wewe, kisha umupe Mama anuse, maana pua yake haijawahi kumudanganya. Mukisikia mazutu, baki, nami nitakuja huko. Musiposikia, funga mizigo.

Mume wako anayekungoja pwani,
Baba Numbi